Kanzu la Maalim na Chupa ya Hamira

Jumatatu, 2 Septemba
Mikate ya kuuza imekwisha mapema. Nimeosha masinia, nimebadilisha maji ya tangi la samaki, nimetoa majani yaliyooza. Kila wiki yanaoza. Taa nzuri ninayo, mchanga mzuri, mbolea natia. Leo nimejua yanakosa nini: hewa ya ukaa. Hii tunayoitoa puani sisi, mimea ya majini ndiyo chakula chake. Kwenye video wana mitungi ya chuma. Hapa mjini Mkoani mtungi huo utaupata wapi? Lakini wanasema hamira na sukari vinatoa hewa hiyo hiyo. Hamira! Mie naumua unga tangu sijavunja ungo. Kazi hii ni yangu.

Jumanne, 3 Septemba
Nimemaliza kabla ya adhuhuri. Chupa kubwa ya soda, sukari, maji vuguvugu, hamira kidogo. Kifuniko nimekitoboa kwa msumari wa moto, nikapitisha mrija wa dripu, nikaziba kwa gundi. Mwisho wa mrija, ndani ya tangi, nimechomeka kijiti cha mshikaki ili hewa itoke kwa vipovu vidogo. Chupa nimeiweka sakafuni nyuma ya tangi, ukumbini.

Alasiri vipovu vimeanza. Nimepiga kigelegele peke yangu.

Maalim Faki amepita akipenga kamasi, akasema mashaallah bila ya kutazama, akaenda kulala. Huyo ndiye mume wangu. Anasomesha watoto Kurani chuoni, anasalisha msikitini, na hivi sasa ana mafua. Samaki wangu hawamhusu. Sijali.

Alhamisi, 5 Septemba
Majani yanapumua! Kila jani lina shanga za hewa. Nimemwita jirani yangu Bi Mize aje aone. Kasema mie nishachanganyikiwa. Nimecheka tu.

Jioni nimerudi kutoka harusini nikakuta kifuniko kimeruka. Kile kijiti kimeziba mrija, hewa imekosa pa kutokea. Maji ya hamira sakafuni, ukutani, mpaka juu. Harufu kali ya kuchachuka. Nimefuta, nimefukiza udi, nimeunga chupa mpya na kijiti kipya. Maalim hakunusa kitu, pua zimeziba. Yamekwisha.

Ijumaa, 6 Septemba
Maalim amesalisha Ijumaa, amerudi. Wali hakuugusa. Nimemuuliza mara tatu ndipo akasema: watu wamemkwepa mkono.

Jumamosi, 7 Septemba
Bi Mize kaja mbio, hata salamu hakumaliza. Safu ya mbele jana wamesikia harufu ya tembo, pombe ya mnazi, kwa imamu. Tembo! Maalim Faki, ambaye hata dawa ya kikohozi huuliza kwanza ina nini ndani!

Nimelikimbilia kanzu lake. Lilikuwa ukutani nyuma ya tangi, pale pale anapolitundika siku zote likishapigwa pasi. Mgongo mzima una madoa yaliyokauka. Linanuka kama mgema. Alhamisi nilifuta ukuta wote na kanzu sikuliangalia. Nimekaa chini.

Nimemwambia Maalim hapo hapo. Hakunipigia kelele. Kauliza tu ile chupa ilikaa tangu lini. Tangu Jumanne, nikasema, lakini ni hamira, hii hii ya mkate unaokula kila asubuhi! Akasema mkate unaumuka na kuingia motoni siku ile ile, hii umeiacha ikachacha na sukari siku mbili tatu, na kitu hicho ni ulevi.

Nimekasirika sana. Nimekasirika kwa sababu ni kweli, na mie ndiye muuza mikate.

Jumapili, 8 Septemba
Mzee Kombo wa kamati ya msikiti amekuja. Adabu tele, mpaka inaudhi. Anamuomba Maalim apumzike kusalisha mpaka maneno yatulie. Maneno ya Mkoani yatatulia lini? Tangu aniowe sijamjua akiwa si imamu.

Nimejifunga mtandio, nimetoka na kanzu mkono mmoja na chupa mkono mwengine, nimeeleza kila kitu. Mzee Kombo kasikiliza vizuri. Kisha akauliza: ile hewa inapoingia kwenye tangi, maji hayanajisiki? Ala! Maalim akasema maji ya tangi ni machache, hayafiki kulateni, kile kipimo cha maji mengi, najisi ikiingia yanaharibika, lakini je, hewa inahesabiwa najisi? Vitabu vikatolewa. Wamekaa na tangi langu mpaka adhana ya alasiri, wamesahau kama nipo. Wamekubaliana kilichomo chupani ni najisi. Hewa wameiacha kitabuni, bila ya kukata shauri.

Mlangoni Mzee Kombo kasema yeye ameamini, lakini watu je? Maalim apumzike.

Nimempa Maalim shauri: tuseme ilikuwa dawa ya kuchua kifua. Ina harufu kali, nani atajua? Kanitazama vile, nimeona haya mpaka kwenye masikio. Nimekwenda kumwaga chupa.

Jumatano, 11 Septemba
Maalim anasali safu ya nyuma. Kwenye kipaza sauti ni Mzee Kombo, anakohoa katikati ya Fatiha. Watoto wa chuo wamekuja nusu.

Leo mteja kaunusa mkate wangu kabla ya kununua. Kunusa mkate wangu! Nimemnyang'anya, nimemwambia akale mihogo.

Majani yameanza kulala tena. Yalale. Kinachoniuma si majani. Naogopa watamtoa moja kwa moja, naye atakubali kimya kimya, kwa sababu yangu.

Ijumaa, 13 Septemba
Nilikuwa nakanda unga. Swala imekwisha, kipaza sauti hakikuzimwa. Nikasikia sauti ya Maalim.

Kasema Ijumaa iliyopita alisalisha na kanzu lenye najisi ya ulevi. Kuna chupa ya hamira ya kulishia majani ya tangi la samaki, imechachia nyumbani kwake, ikalirukia kanzu, naye ana mafua, hakujua. Swala yake ameirudia. Zao ni sahihi, wasitie wasiwasi. Na anayetaka imamu mwengine aseme, yeye hana kinyongo.

Mie hakunitaja. Kasema "nyumbani kwangu" tu, kana kwamba nyumba ilijitilia hamira yenyewe.

Sikusikia zaidi. Hakuna aliyejibu, au kipaza sauti kimezimwa. Nimelilia unga mpaka nikaumwaga.

Aliporudi sikumuuliza. Tumekula.

Jumamosi, 14 Septemba
Alfajiri nilikuwa jikoni. Adhana, kisha ikama, kisha takbira. Sauti ya Maalim, bado ina mafua. Fatiha yote bila ya kikohozi. Nimesimama na mikono yangu ya unga mpaka akatoa salamu.

Mikate imekwisha mapema leo. Mzee Kombo kachukua minne.

Maalim amerudi kutoka sokoni na siki chupa mbili na pakiti ya magadi. Kasoma mahali kwamba vikikutana vinatoa hewa ile ile, mara moja, bila ya kuchacha, na siki ni halali haina mjadala. Kauliza mrija unapita wapi. Nimemwonyesha. Kaimimina siki mwenyewe, kidogo kidogo, kwa uangalifu wa mtu anayetia udhu.

Vipovu vimepanda. Amevuta kiti, amekaa mbele ya tangi, chai imempolea mkononi. Kisha akaniuliza kama samaki wana majina. Hawana, nikamwambia. Kasema yule mwekundu tumwite Kombo.