Mtu wa Kupigiwa Simu

Nyamira, 4 Machi 2025

Kwako Mama Trevor,

Pokea salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Sisi hatujambo, ila mama anakohoa kidogo kwa sababu ya baridi, na Olivia ameanza kuzoea shule yake mpya. Wewe je? Mgongo bado unakusumbua? Na huko Doha, joto limeanza kuwatesa au bado bado?

Mimi nachuma chai. Usicheke. Miaka minne nimekaa nawe meza moja ya ofisi huko Abu Hamour, tukituma invoisi za madai Ulaya, na sasa vidole vilivyozoea kompyuta vinachubuka. Ile siku ya Desemba waliponiambia kazi yangu inafanywa na mfumo, niliapa sitakaa bure hata wiki moja, na sijakaa.

Sasa nisikilize. Wiki hii simu yangu imelia mara tatu, namba ya Ujerumani. Ni mama mmoja wa halmashauri ya mji fulani, ananiuliza habari za invoisi ya karatasi za choo. Mimi niko katikati ya shamba na kikapu mgongoni! Anasema jina langu na namba yangu viko kwenye invoisi. Tafadhali nitoe huko. Hizo karatasi za choo si zangu tena.

Dadako,
Mama Olivia


Doha, 28 Machi 2025

Kwako dadangu Mama Olivia,

Barua yako nimeifungua kwenye simu na nimeisoma mara mbili. Mpe mama pole ya kikohozi, Olivia nampa hongera. Mgongo ni ule ule. Huku Ramadhani inaisha, ofisi inafungwa mapema, lakini mimi natoka wa mwisho kila siku.

Kuhusu jina lako, nilijaribu. Unakumbuka zamani tulikuwa tunaskani invoisi, tunaituma, na kule Ulaya mtu anafungua anasoma. Siku hizi zile halmashauri hazipokei karatasi wala skani. Invoisi inaingia kwa muundo mmoja wa Ulaya nzima, kila kitu kwenye kisanduku chake, na inayosoma kwanza ni mashine. Kisanduku kimoja kikikosewa, invoisi inarudi na namba ya kosa. Hakuna habari yako, hakuna tafadhali. Namba tu.

Kimoja cha visanduku hivyo ni cha mtu wa kupigiwa simu. Kikiwa kitupu, invoisi haipiti. Mwaka jana ulijaza wewe, ukaweka namba yako ya Kenya kwa sababu simu ya meza yetu ilikuwa mbovu. Jumatatu nilikufuta. Kabla ya jioni zilikuwa zimerudi invoisi mia mbili, na Oloo msimamizi alinisimamia kichwani mpaka nikakurudisha.

Nivumilie kidogo, nitapata njia. Nimechoka, dada. Nikifumba macho naona visanduku.

Dadako,
Mama Trevor


Nyamira, 18 Mei 2025

Kwako Mama Trevor,

Hujambo? Sisi tupo. Mama kikohozi kinaenda kinarudi. Trevor anaendeleaje, bado anakaa kwa bibi yake?

Njia hujaipata, basi nimeamua kupokea hizo simu. Yule mama anaitwa Birgit. Hupiga Alhamisi. Mara ya kwanza nilimwambia mimi si mfanyakazi tena, akaongea kama ataanza kulia. Kumbe na kwao wamepunguzwa. Walikuwa watano, amebaki yeye na mashine, na ile invoisi inayokwama haina mwingine wa kuiuliza. Nikamuuliza ameamkaje. Akasema goti linamuuma, lilifanyiwa upasuaji. Tukaongea goti, halafu nikamtajia ile namba ya kuutambulisha mji wake iliyokosekana kwenye invoisi. Bado ninazo zote kichwani, unajua nilivyo.

Lakini wiki iliyopita aliniambia jambo ambalo sijalala nalo vizuri. Alisema haelewi kwa nini tunasumbuka hivi, maana halmashauri yake ilitoa taarifa mapema: kuanzia Januari miji yote, karatasi basi, hata moja. Nikamuuliza mapema lini. Akatafuta. Juni mwaka jana. Nikamuuliza ilitumwa kwa nani. Akasoma jina lako.

Mama Trevor, Septemba ile hoteli ya Lusail iliniita kazini. Nilikuja kwako kabla ya kumwendea mtu mwingine yeyote. Ukaniambia nisiende, mfumo ni wa miji miwili mitatu tu, invoisi za karatasi zitatulisha wote wawili. Nikawaambia Lusail hapana.

Labda taarifa hiyo hukuiona. Niambie hukuiona, nami nitaamini.

Kwamboka, Mama Olivia


Doha, 30 Julai 2025

Kwako Mama Olivia,

Natumaini hamjambo nyote. Mama je, kikohozi? Mimi nipo tu, joto ni kali. Nimeanza barua hii mara nyingi na kila mara nimeishia kwenye salamu.

Niliiona. Niliisoma siku ile ile ilipofika. Oloo aliniita akasema mfumo ukikamilika atabaki mmoja, na atakayeufahamu ndiye atakayebaki, na nisimwambie mtu. Nilimfikiria Trevor na karo yake. Nilikufikiria wewe pia, wallahi, lakini baadaye.

Hilo si baya zaidi. Baya zaidi ni Septemba. Ungeenda Lusail ungekuwa salama, nami kiti changu kingekuwa salama vile vile. Lakini namba za miji zilikuwa kichwani mwako, na orodha yake uliyokuwa ukiiandikia mfumo ilikuwa nusu. Nilitaka uimalize kwanza. Ndiyo maana nilikuambia ubaki.

Hata jina lako, si kwamba nilikosa njia. Mashine haijali ni nani, inataka jina tu. Ningeweza kuweka langu Jumatatu ile ile. Nilishindwa kukufuta mara ya pili, na niliogopa simu ikilia wa kujibu nitakuwa mimi.

Naona aibu, dada. Nisamehe ukiweza.

Dadako,
Mama Trevor


Nyamira, 2 Agosti 2025

Damaris,

Weka jina lako kwenye kile kisanduku. Jina lako kamili na namba yako mwenyewe, si ya ofisi. Simu ikilia, pokea. Birgit hupiga Alhamisi. Muulize goti kwanza, ndipo invoisi.

Kwamboka


Doha, 27 Novemba 2025

Kwako dadangu Mama Olivia,

Salamu nyingi sana. Hii ni barua yangu ya nne tangu Agosti, hujajibu hata moja, na sikulaumu. Mgongo ni ule ule, Trevor hajambo.

Jina lako nililitoa siku ile ile nilipopata barua yako. Nikaweka langu, na mashine ikapokea mara ya kwanza. Nikaanza kungoja. Alhamisi kumi na sita simu haikulia.

Leo imelia, ni Birgit. Nilimuuliza goti kwanza, kama ulivyosema. Akasema, "Kumbe wewe ndiye Damaris."

Goti limepona. Akaniambia pia kwamba mliongea Jumapili, kwamba Nyamira mvua imenyesha vizuri, mama ameacha kukohoa, na Olivia amekuwa wa tatu darasani. Nilisimama pale dirishani nikasikiliza yote. Kwa hiyo najua hamjambo.

Alipomaliza alingoja, nadhani alijua nina swali. Nilikuwa nalo. Sikuthubutu kumuuliza kama ulinisalimia. Nikamwomba namba ya invoisi.

Dadako,
Mama Trevor