Kwenda Sanje Kumkanda Tekla

Jumanne, 4 Machi

Mchele ulilowekwa jana, umesagwa, umeumuka. Vitumbua vimeisha mapema. Mteja wa mwisho alikuwa jirani yangu Zuhura, ambaye hununua viwili na kukaa saa nzima.

Tekla amepiga simu kutoka Sanje. Mimba iko mwezi wa tisa. Mtoto wake wa kwanza. Binti yangu hakuzunguka: "Mama, utakuja kunikanda?" Nimesema nitakuja. Sijui kwa nini nimesema.

Kumkanda mwanamke aliyejifungua mara ya kwanza ni kazi ya mama yake mzazi. Maji ya moto, taulo, mikono. Akiifanya mwingine, watu watauliza mama yuko wapi. Yuko Mlabani, hapa Ifakara. Tangu gari lilipopinduka na sisi pale Kiberege, masika ya mwaka juzi, sijapanda gari. Bega lilipona. Nyumbani, gengeni, kanisani, nyumbani. Hata harusi ya Tekla mwaka jana niliisikiliza kwenye simu. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Jumatano, 5 Machi

Nimepakwa majivu kanisani, nimerudi, nimelala mchana. Usiku usingizi hauji, mchana hauniachi. Nimemkaripia mteja kwa sababu alisema habari za asubuhi.

Zuhura kaingia bila hodi, kanitazama pale kitandani. "Mama Tekla, wewe huumwi presha. Unaumwa kukaa." Nilimfokea. Akasema Ijumaa tunatoka, nipende nisipende.

Mtu na afya yake hanielewi.

Ijumaa, 7 Machi

Amekuja na bajaji kweli. Nimepanda kwa aibu tu, maana dereva anasubiri na majirani wanatazama. Mpaka darajani. Nilifumba macho njia nzima, Zuhura akanifinya.

Mto umejaa. Maji yamepanda mpaka kwenye majani. Ndege weupe wengi. Upepo una harufu ya tope na mpunga mchanga. Muda wote huu mto uko palepale, mimi niko hapahapa, hatujaonana. Nikalia kidogo. Zuhura alijifanya anatafuta mtandao.

Naongeza Jumamosi asubuhi: jana nililala saa mbili usiku. Nimeshtuliwa na jogoo.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya misa nimekwenda tena darajani, peke yangu, na kuvuka ng'ambo. Nimesimama na mwanamke wa Kisukuma anayeuza maziwa. Akanifundisha salamu ya kwao. Nilivyoitamka, alicheka mpaka akashika ndoo. Nikacheka na mimi.

Kumbe nilikuwa sijaongea na mtu nisiyemjua kwa muda mrefu sana. Mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Mimi naokota usingizi.

Jumatano, 12 Machi

Siku mbaya. Tekla amepiga. Amesema kwa upole kwamba Mama Deo, mama mkwe wake, yuko tayari kumkanda ikibidi. "Usijisumbue, mama." Huo upole ndio ulionichoma.

Hasira. Sina haki nayo, lakini ninayo. Mimi bado ni mzima, mwanangu akandwe na mwingine?

Keshokutwa naondoka. Zuhura atauza vitumbua, Mungu awasaidie wateja. Tekla sijamwambia. Nikishindwa njiani, asijue.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika nikiwa Kisawasawa, kwa mtu ambaye asubuhi sikuwa namjua.

Nilipanda gari dogo la abiria. Kiberege nilijilazimisha kutazama. Mahali penyewe hapana kitu. Majani na lami. Nilitegemea alama, angalau shimo. Nikaanza kujidai moyoni. Ndipo lori la mbao likatupita kwa kasi, upepo wake ukatutikisa, nikapiga kelele kama mtoto. Nishushe! Nishushe! Dereva akanishusha Kisawasawa na mfuko wangu.

Nikakaa kwenye benchi la muuza ndizi. Mbele siendi. Nyuma siendi, maana kurudi nako ni gari. Yalipita magari ya Sanje, nikayatazama. Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto.

Muuza ndizi ni mama wa makamo. Akaniuliza ninakokwenda, nikamweleza yote, sikuwa na nguvu ya kutunga uongo. Akauliza kabila. Mpogoro, nikasema, wa upande wa Mahenge. Akaruka juu. Yeye ni Mngoni, alikuja huku na mumewe kwa kazi ya miwa. Mama Komba. Mtani wangu.

Hakunipa pole. Alifunga khanga kiunoni, akatandika mkeka kando ya barabara, akaanza kunililia. Msiba kamili, kama watani wanavyofanya penye maiti. "Jamani, mtani wangu kafa! Mpogoro kafa mzimamzima! Kafa kwa kuogopa tairi!" Watu wakajaa. Akapitisha ungo wa rambirambi, mmoja akatia karanga. Akasoma wasifu wa marehemu: alipenda vitumbua, alikimbia hata toroli. Nami nimekaa hapo hapo, marehemu, na mfuko mapajani.

Mtani hakasirikiwi. Nilijaribu, nikashindwa. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Halafu kicheko kikageuka kilio cha kweli, kile nilichokosa kulia siku gari lilipopinduka. Mama Komba hakunibembeleza. Alilia na mimi mpaka nikamaliza, kisha akajifuta uso na kula zile karanga.

"Sasa sikiliza," akasema. "Maiti harudishwi nyuma. Wewe unazikwa Sanje."

Leo lakini miguu imegoma. Amenipa ugali, mlenda na mahali pa kulala.

Jumamosi, 15 Machi

Deo, mume wa Tekla, kapiga alfajiri. Uchungu ulianza usiku, wako zahanati. Anadhani niko Ifakara.

Mama Komba akasimamisha gari, akanikalisha kiti cha mbele. Akamwambia dereva, "Nina maiti hapa, mpeleke polepole." Dereva karibu anishushe.

Nilikumbatia mfuko mpaka Mang'ula. Sikufumba macho. Lori moja. La pili. Nikaanza Salamu Maria kwa sauti, watu wa nyuma wakaitikia, hata mzee mmoja mwenye kofia ya Kiislamu akasema amina. Halafu, sijui wapi, nikagundua natazama nje tu kama abiria wengine. Ukungu kwenye milima. Mbega juu ya mti, mweusi na mweupe, kakaa kama padri. Migomba imeinamia barabara. Nikaanza kuuliza maswali. Dereva alichoka nayo.

Nimefika. Mtoto wa kike, kazaliwa nikiwa barabarani. Tekla alinishika mkono akalala. Jioni wameruhusiwa. Nyumbani Mama Deo alikuwa ameshabandika sufuria kubwa, maji yanachemka. Akanitazama, akanipa taulo.

Jumapili, 16 Machi

Nimemkanda asubuhi na jioni. Mikono inakumbuka, haihitaji kufundishwa.

Nimechoka. Nimefurahi. Sina la zaidi.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua ndogo tangu asubuhi. Tekla anatembea vizuri sasa. Kila nikimkanda anataka nisimulie msiba wa Kisawasawa. Akicheka anasema tumbo linauma, niache. Nikiacha, anasema niendelee.

Walitaka mtoto aitwe Safari. Nimekataa. Anaitwa Anjela.

Hofu ipo. Juzi nilikwenda Mang'ula sokoni na kwenye kona moyo ulinidunda. Nilikwenda hivyo hivyo. Nimerudi na pilipili manga ya uji na habari za watu ambao sitawaona tena. Jana nilipanda na Deo kuelekea maporomoko ya Sanje. Sikufika juu, magoti yalikataa, lakini maji yalinirushia mvuke usoni nikabaki nimesimama tu, mdomo wazi, mwanamke mzima. Nakula. Nalala. Watu sasa wananisalimia kwa jina na mimi naitikia kwa furaha. Sikumbuki mara ya mwisho nilipojipenda hivi.

Jioni, tukichambua mchele, Mama Deo ameniambia jambo. Usiku ule uchungu ulipoanza, alitaka kuandaa vitu vyake vya kumkandia. Tekla alimkataza. Alimwambia, "Acha, mama yangu yuko njiani."

Sikuwa nimemwambia. Usiku ule mimi nilikuwa kwenye mkeka wa Mama Komba, sijui kama asubuhi nitathubutu kupanda.

Mchele ulikuwa na mawe mengi. Tumechambua mpaka giza likaingia.