Vitunguu Vya Mzee Vilipogeuka Njano

Mpendwa mshauri, naomba msaada kwa jambo linalonifanya nitembee kama niko usingizini. Mimi ni mke wa fundi cherehani na tunaishi na baba mkwe wangu, mzee ambaye macho yamefifia mpaka mimea anaitambua kwa kuipapasa na kuinusa. Mama mkwe alipofariki, mzee aliacha kuzungumza, chakula anakigusa tu, hadi siku moja akaniomba nimshike mkono twende shamba la nyuma ya nyumba tupande kitunguu saumu, na katikati ya mistari tutie uwatu, kama alivyofanya marehemu, kwa samadi tu, mbolea ya dukani asiisikie. Tukapanda, na kila asubuhi ukungu ukiwa bado umelala juu ya matuta tulikuwa tunatembea humo polepole, hata sijui muda ulikuwa unakwenda wapi.

Wiki ya sita majani ya vitunguu yakaanza kuwa njano. Mzee akaniuliza, "Bado vya kijani, mwanangu?" Nikamwambia ndiyo, baba. Mchana alipolala nikaenda dukani nikanunua mbolea ya chumvichumvi, nikatia kidogo pembeni ya kila shina, nikafukia.

Basi, mshauri, shamba likaamka. Vitunguu vikanyooka, uwatu ukachanua maua meupe, na harufu yake tamu ikaingia ndani, ikakaa kwenye mapazia, kwenye mito, hata kwenye nguo za wateja wa mume wangu. Mzee akapiga magoti matutani, akayapitisha majani mashavuni, akasema, "Mama yenu yupo hapa." Tangu siku hiyo anakula, anacheka, anasifu samadi kwa kila anayepita. Sasa wifi yangu, mjane mwenye watoto watatu, amemsikia baba yake na wiki ijayo anapanda shamba lake lote kwa samadi peke yake, na udongo wake ni mchanga mtupu. Nikisema, namrudisha mzee kwenye ukimya wake, nikinyamaza, wifi atavuna majani makavu. Nifanyeje?

Mkaza mwana

Dada yangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa ajili ya hiyo harufu. Pole kwa msiba. Lakini nikuambie ukweli: mbolea haina ubaya wowote, ubaya ni kumwambia mtu asiyeona kwamba njano ni kijani. Alikuamini uone kwa niaba yake.

Halafu unajipa sifa zisizo zako. Samadi ililainisha udongo na kushika maji, uwatu ni jamii ya kunde na unalisha ardhi, mbolea ya dukani iliwahi tu mashina yenye njaa. Mzee hakukosea, alipungukiwa kidogo. Mwambie hivyo hivyo.

Mwambie leo, mkiwa wawili, hapo hapo matutani. Atanuna, pengine siku mbili tatu. Mpikie, kaa naye, usijitetee. Marehemu hatatoka shambani kwa sababu yako. Kisha mwiteni bwana shamba aupime udongo wa wifi yako, awape kipimo cha samadi na cha mbolea.

Wifi asishike jembe kabla ya hapo. Na kipimo hicho wewe usimpelekee, mwache baba yake amwambie mwenyewe.