Minyaa Iliyonyooka Mno

S.L.P. 47,
Kamanga, Sengerema.
9 Februari 2025

Mpendwa Dada Sabina,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi kwa kupenda, si kwa amri ya lile goti. Sisi huku tu wazima. Dorotea wangu alikohoa wiki nzima, sasa amehamia kwenye kulalamika, ndiyo dalili ya kupona. Mihogo imeshika vizuri.

Sikupiga simu kwa sababu jambo hili lina namba, nawe ungenikatiza kwenye namba ya pili.

Jumamosi iliyopita nilivuka na kivuko kwenda Buhongwa kupalilia kaburi la Mama. Nililikuta upande wa pili wa uzio wa minyaa, kwa jirani yetu Shimba. Kaburi halijasogea, Dada. Minyaa ndiyo imesogea. Nikamwuliza Shimba kwa upole.

"Minyaa ni ileile, bwana Masele. Wewe umekaa sana Kamanga, umesahau kwenu."

Ningeweza kukubali, ila minyaa ile ilikuwa imenyooka mno. Unakumbuka Mama alivyopanda: mche huku, mche kule, kama njia ya mbuzi.

Sasa, ninacho kile kitabu cha hesabu kisicho na jalada nilichonunua sokoni Makoroboi. Kinaeleza namna ya kuukamata mstari mnyoofu. Unahitaji pointi mbili tu, na Baba alituachia mbili: yale majabali aliyoyapaka chokaa, ambayo hata Shimba hana mabega ya kuyahamisha.

Nilivuta kamba kutoka barabarani kupanda juu, nikifuata ukuta wa nyumba. Hatua za kupanda nikaziita x. Hatua za kwenda pembeni, kutoka kwenye kamba hadi mpakani, nikaziita y. Jabali la kwanza: x 20, y 17. La pili: x 60, y 27. Yaani ukipanda hatua 40, mpaka unasogea pembeni hatua 10. Kumi gawanya kwa arobaini ni robo. Kitabu kinaiita mteremko, ingawa kilima hakihusiki. Ukirudi barabarani, ambako x ni sifuri, unatoa 5 kwenye 17, inabaki 12. Basi mpaka wa Baba ni y = x/4 + 12.

Kaburi liko x 40, y 20. Weka 40 kwenye mstari wa Baba: kumi, ongeza 12, ni 22. Mpaka unapita hatua mbili nje ya kaburi. Mama yuko kwake.

Kisha nikapima minyaa. Kwenye x 20, y ni 15. Kwenye x 60, y ni 21. Sita kwa arobaini ni 0.15, na barabarani ni 12 ileile. Mstari wa Shimba ni y = 0.15x + 12. Kwenye 40 unatoa 18. Mama amekuwa mgeni wake kwa hatua mbili.

Ile 12 ndiyo iliyonifanya nianze kumtazama mtu mwingine. Kamba ya kupandia minyaa ilifungwa kwenye nguzo ya geti letu, upande wa ndani, ikazungushwa ncha ya juu tu, ili anayepita barabarani asione tofauti. Na geti lina kufuli, na ufunguo anao mdogo wetu Antoni, anayekaa pale nyumbani.

Antoni anasema siku ya kupanda minyaa alikuwa msibani Bujora. Msiba wa nani hakusema, nami sikuuliza. Nilikuwa naangalia bomba jipya uani kwake. Mpira wake unatoka kwenye tangi la Shimba.

Nikamwomba atembee hatua ishirini kutoka kwenye kamba yangu ya kupimia, kuelekea kaburini. Unajua ana miguu mirefu kunishinda. Alianza vizuri. Kufika ya kumi akawa anatembea kama bibi harusi, na ishirini ikamkuta kifua kimegusa minyaa.

"Na kaburi mbona liko kule?" nikamwuliza.

"Kaka, acha hizo. Mama mwenyewe hana neno."

"Na wewe?"

Akaenda kufunga bomba ambalo lilikuwa limefungwa.

Shimba anataka kujenga ukuta wa tofali juu ya mstari wake. Mwenyekiti wa mtaa atakuja tarehe 6 Machi kuthibitisha mpaka. Ukuta ukisimama, tutabisha hodi kwa Shimba kila tukitaka kupalilia kaburi la mzazi wetu. Karatasi yangu ya mistari miwili iko tayari. Lakini mwenyekiti akiuliza geti lilifunguliwa na nani, nijibu nini?

Mimi, Antoni ananikwepa. Wewe ndiye uliyembeba mgongoni. Mpigie kabla ya siku hiyo. Usimtaje Shimba wala kaburi. Mwulize tu kamba ya kupandia ilifungwa wapi. Akiwahi kusema "kamba gani?", nitamtaja mbele ya watu. Akinyamaza, mwache anyamaze mpaka achoke, kisha mwambie tarehe 6 aje azihesabu upya zile hatua ishirini mbele ya mwenyekiti, kwa miguu aliyopewa na Mama.

Nisalimie shemeji Alexander, na mwanetu Odeta mwambie mjomba wake wa Kamanga anamuulizia. Mungu awalinde nyote huko Songea, na goti alikumbuke kwa namna yake.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Masele