Mama Yako, Mzaliwa wa Sabini

Mtani wangu Maganga,

Ni mimi Shomari, Mzaramo wako. Uliniagiza nije kukucheka ukifa, nikaja. Nililala chali kaburini mwako pale Usoke, nikagoma kutoka mpaka ndugu zako wanipe jogoo. Watu walicheka huku wanalia. Tangu siku hiyo sijakufanyia jambo la maana.

Duka letu la Gongoni bado lipo. Nilipobaki peke yangu na programu ya kompyuta uliyoiandika ya kuorodhesha wazee wa kutembelewa na muuguzi, nilijiona mkubwa. Mimi niliyefika Dubai na Lubumbashi, na darasa langu la saba nikamfundisha Mchina kufungua simu yake, nishindwe na mistari yako?

Wahudumu wa afya wa vijijini wanatuma taarifa kwa simu, maandishi matupu. Programu inayasoma na kumtengenezea kila mzee kadi yake, jina mahali pa jina, tarehe mahali pa tarehe. Ila kwenye tarehe ya kuzaliwa uliifundisha kusoma kwa namna yako. Ikikuta "mwaka wa nzige" au "kabla ya Uhuru", inakadiria. Ikikuta "hajui", inaacha wazi na kumwomba muuguzi akaulize. Juu yake uliandika: Asiyejua tarehe naye ana umri.

Nilicheka, nikafuta yote. Nikatangaza mtaani kwamba nimefagia uchafu wa marehemu, sasa programu inakimbia kama swala.

Haikulalamika, Maganga. Hilo ndilo linaloniuma. Ingegoma ningejua. Tarehe isiyoielewa iliiwekea sifuri, na sifuri ya kompyuta, inakoanzia kuhesabu siku, ni tarehe mosi Januari 1970. Wazee wote wasiojua siku yao wakawa pacha, na mama yako akiwemo. Wewe ni wa sabini na mbili. Kwa kadi yake, mama anakuzidi miaka miwili.

Muuguzi hutembelea waliovuka sitini. Miezi miwili alipita mlangoni kwa mama na dawa za presha mkobani, asiingie, kwa kuwa jina halimo kwenye orodha. Mama hakuuliza. Alidhani umeondoka wewe na dawa zimekufuata. Mwezi wa tatu alianguka jikoni. Upande wa kulia umepooza.

Nilikwenda kumwambia ukweli. Nilipiga goti, nikaeleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, mdomo umepinda, akasema, "Kwa hiyo Mzaramo umenirudisha usichana, halafu mchumba hukuniletea." Angenitukana ningepona.

Na wewe nina hasira nawe. Mtu anaacha sentensi moja, anaondoka? Ungeandika: Shomari, usiguse, mama yangu yumo humu. Ningegusa hivyo hivyo. Tunajuana.

Mistari yako nimeirudisha yote, kutoka kwenye flashi uliyoificha kwenye kopo la majani ya chai. Nimeongeza mmoja wangu: isipoelewa, isimame, ipige kelele. Na chini ya sentensi yako nimeandika jina langu, ili atakayetaka kufuta ajue mjinga wa kwanza alikuwa nani.

Kila Jumatano niko Usoke, namnyoosha mama vidole kimoja kimoja, kama muuguzi alivyonionyesha. Anasema nina mikono ya kukandia unga wa chapati.

Pumzika, mtani. Mkono ule wa kulia sitauacha mpaka uweze kunizaba kofi.

Shomari