Tairi za Kubebea Kitanda cha Mama

Mdogo wangu,

Salamu zako zimefika, zimebebana na swali. Unaniuliza mimi, fundi tairi, ufunge zipi kwenye trela lako dogo ili upite barabara kuu uje kuchukua kabati na kitanda cha Mama.

Za gari dogo usifunge. Tafuta za trela zinazohimili mzigo huo, uzijaze upepo kama ilivyoandikwa ubavuni. Na meno yasikudanganye: tairi iliyokaa miaka saba bila kazi huonekana mpya, ikishika mwendo inapasuka. Miaka saba, kama uliyokaa wewe bila kukanyaga hapa.

Barua yako nilimsomea Mama. Akacheka kidogo, akasema: “Mwambie aendeshe taratibu. Kitanda bado nakilalia.”

Ni mimi kaka yako.