Krenki Ndefu, Goti Langu

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Na Mama shikamoo, maana najua amekaa hapo karibu anangoja usome kwa sauti. Mvua zimeshafika huko Mlalo? Kabichi za bondeni zimesalimika? Na mgongo wa Mama, bado unambana akitaka kuinuka? Mimi hapa Ubelgiji mwili ni mzima na chakula kipo. Roho ndiyo inayochemka.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu juzi kwenye simu uliniambia, "Vumilia, mwanangu," nami adabu ilinizuia kukukatiza. Baba Mdogo amekuambia kwamba nimekuwa jeuri, nimemgomea kocha, nimefukuzwa kwenye timu ya baiskeli. Ameyaokota kwenye simu yake huko Lushoto, akayasambaza mpaka msikitini. Baba, sijafukuzwa. Kugoma nimegoma, hilo sikatai. Sasa sikiliza nilichogomea.

Kwenye baiskeli kuna mkono wa chuma unaotoka katikati na kushika pedeli. Tunauita krenki. Huo mkono una urefu wake, na mtu huchaguliwa urefu kwa kadiri ya miguu yake. Baiskeli niliyopewa hapa ilikuwa ya msichana mmoja mrefu aliyeondoka. Wewe unanijua nilivyo, hata kwenye picha ya shule nilisimamishwa mbele. Kila pedeli ilipofika juu, goti langu lilipanda karibu na kifua, nyonga ikabanwa, na kiuno kikayumba kwenye siti kama mtu anayepanda ngazi za jitu. Baada ya wiki chache goti la kulia likaanza kuuma kwa mbele, chini ya ule mfupa wa duara.

Nikaenda kwa kocha wetu, anaitwa Joris, nikamwomba krenki fupi. Akacheka.

"Tofauti yake haifiki upana wa kidole chako cha mwisho," akasema. "Mkono mrefu ndio wenye nguvu. Na wewe si umetoka milimani? Watu wa milimani hawalialii."

Baba, nilirudi kwenye baiskeli ile ile. Nilivumilia, kama ulivyonifundisha. Nikapakaa dawa, nikafunga bandeji, nikaendelea. Asubuhi nikawa nashuka ngazi kinyumenyume nimeshika ukuta.

Mwenzangu wa chumbani anaitwa Senait, binti wa Eritrea, kimo chetu ni kimoja. Yeye alikuja na baiskeli yake mwenyewe kutoka kwao, ina krenki fupi. Siku ya mapumziko akaniambia, "Chukua yangu, zunguka nayo hapo kilimani." Nikazunguka. Wallahi nilishangaa. Miguu ilikuwa inazunguka yenyewe, goti kimya, kiuno kimetulia. Nilipanda kile kilima mara ya pili kwa raha tu, kisha nikakaa kando ya barabara nikalia kwa hasira. Kumbe yale maumivu yote yalikuwa na dawa, na dawa yenyewe imefungwa kwa bolti mbili.

Maana ni hivi, Baba: ukifupisha krenki unainua siti kiasi hicho hicho, kwa hiyo mguu chini unanyooka kama kawaida, lakini juu goti linapata nafasi mara mbili. Na mguu haupandi mara moja, unapanda asubuhi mpaka mchana. Hicho kidole kimoja anachokicheka Joris ndicho kilichokuwa kinanitafuna.

Nikarudi kwake nikamweleza. Akasema mashindano yamekaribia, hakuna cha kubadilisha. Nikashindana hivyo hivyo. Kwenye kilima cha mwisho goti likagoma, nikashuka nikakaa kwenye majani. Jioni ile akaandika kwenye kundi la timu, wote wakasoma, kwamba nina mapafu mazuri lakini sina moyo.

Sina moyo! Mimi niliyekuwa nateremka na magunia ya viazi kutoka shambani kwetu mpaka gulioni, breki zinanuka moto! Hakuna mtu Mlalo anayempa mtoto jembe lenye mpini wa baba yake kisha akamwita mvivu.

Kesho yake nikamwambia mbele ya wote: "Sipandi tena baiskeli hii mpaka krenki zibadilishwe."

"Basi utabaki nyumbani," akasema.

"Nitabaki."

Nikabaki, wenzangu wakaenda kushindana bila mimi. Hapo ndipo ilipotoka hiyo habari aliyoisoma Baba Mdogo. Senait hakunyamaza. Alimwendea mama mmoja anayesimamia timu, naye akaamuru nipimwe kwenye baiskeli ya mashine, kwanza krenki ndefu, kisha fupi. Nguvu ikatoka ile ile, haikupungua hata kidogo. Tofauti ilikuwa kwamba kwa zile ndefu nilishuka nachechemea. Yule mama akamgeukia Joris. "Tulikuwa tunabishania nini?" Krenki zikabadilishwa mchana huo huo.

Jumapili iliyopita nimeshindana. Sikushinda, sitaki kukudanganya, lakini kilima kile kile nilikipanda na kundi la mbele, nikamaliza nao. Tulipofika, mwandishi wa gazeti la hapa akamuuliza Joris nimeponaje. Akajibu anatabasamu, "Niligundua krenki zake ni ndefu mno, nikambadilishia."

Nilikuwa nimesimama pale pale, jasho halijakauka. Ningeweza kunyamaza, Baba. Nikasema, "Hapana. Niliomba mimi, ukanikatalia, ukaniambia sina moyo. Nawe mwandishi, andika hivyo, kaka." Mwandishi akaandika. Joris akawa mwekundu shingoni, na mpaka leo hanisalimii. Huenda mwakani wasinichukue tena.

Ndiyo maana nakuomba, usiniambie tena nivumilie kabla hujaniuliza ninavumilia nini. Nasema kwa heshima zote, na ukiona nimekosa adabu, nisamehe. Lakini maneno yenyewe siyarudishi.

Mpe Mama pole ya mgongo. Msalimie kaka anayebeba mboga kwenda Tanga, na shangazi wa Bumbuli anayechuma chai, mwambie soksi zake ndizo navaa usiku. Bibi msalimie kwa Kisambaa chake, mwambie onga mahundo kutoka kwa mjukuu wake. Na Baba Mdogo, shikamoo yake ifike. Akishaitikia, mkalishe umsomee barua hii mwanzo mpaka mwisho, kisha arudi nayo msikitini.

Wakinirudisha, nitarudi. Nitapanda ile njia ya kwetu kwa magoti yangu mwenyewe, yote mawili.

Mwanao anayekuheshimu,
Zaina